Warigia Aliyeimba Barua ya Serikali

Kuna mtu yeyote chini ya tent hii anayeweza kutuambia kama kaburi tulilochimba jana liko ndani ya barabara au nje yake? Hakuna. Sawa, basi nitasoma, na Mheshimiwa aliyepewa kile kiti chenye mto asianze kuangalia saa, kwa sababu marehemu hakuwa mtu wa kuharakishwa.

Warigia, mke wa Gerishon Gathogo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1930 hapa Mugutha, Ruiru, akasoma shule ya misheni kuanzia 1939 hadi 1943, akafika darasa la nne, akatolewa ili kaka yake aendelee, na hilo darasa la nne, wapendwa, limefanya kazi kubwa kuliko degree yangu ambayo imelala kwa bahasha tangu 2019. Tarehe 18 Agosti 1951 alifunga ndoa na Gerishon, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha Thika, wakabarikiwa watoto watano, wa kwanza akiwa Njambi, mama yangu, na wakapata shamba hili tulilokalia leo, ambalo shosho, bibi yetu huyu, alilipenda waziwazi kuliko alivyotupenda sisi.

Mwaka wa 1954, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni, watu wa hapa walihamishwa wote wakawekwa katika kijiji kilichozungushiwa mtaro, chini ya headman, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, aliyeitwa Ephantus, na kila siku ila Jumapili wanawake walitolewa asubuhi kuchimba mtaro huo huo uliokwisha kuchimbwa, huku shamba likimea magugu. Machi 1956 mvua ilikuwa inanukia, Warigia alikuwa na mbegu za mahindi amezifunga kwa leso na mtoto wa miaka mitatu wa kulisha, ila hakuwa na hata siku moja ya kupanda.

Kazi yake nyingine ilikuwa kufagia ofisi ya headman. Jumatatu tarehe 12 Machi aliinua kopo la majani chai apanguse meza, na chini yake akaona karatasi ya Kiswahili, imepigwa taipu, ya tarehe 2 Machi, ikisema kazi ya lazima imepunguzwa kutoka siku sita hadi siku mbili, na tangazo hili libandikwe mahali pa wazi. Siku kumi nzima headman alikuwa anakunywa chai juu ya mahindi ya watu! Angekutwa ameisoma angechapwa, pengine afungwe, kwa hivyo hakuichukua, alifagia pole pole sana siku hiyo, na kesho yake akafagia tena, hadi akaishika yote kwa kichwa.

Alhamisi tarehe 15 zamu ya kuimbisha mtaroni ilikuwa yake, maana jembe lilikwenda na wimbo, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, na askari hawakuwahi kuhoji wimbo. Warigia akaanza, "Barua namba kumi na nne, ya hamsini na sita," wanawake wakaitikia, "Ya hamsini na sita!" kisha rafiki yake Ngendo akamnong'oneza, "Wewe, ni wimbo gani huu una namba?" naye akajibu, "Wewe itikia tu, utamu uko mstari wa tatu." Ulipofika mstari wa tatu, siku mbili, siku mbili kwa wiki, sauti zilipanda hadi majembe yakasahau kushuka, na askari mmoja, ambaye mke wake naye alikuwa mtaroni, akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo, na Warigia hakuruka kitu, aliimba tarehe, akaimba sahihi, akaimba hata muhuri.

Headman alikuja mbio kofia mkononi, akipiga kelele, "Nyamazeni! Nani amewaruhusu kuimba barua ya serikali?"

Ngendo akaweka jembe chini. "Kumbe ni barua ya serikali, mzee? Sisi tulidhani ni wimbo tu."

Walicheka, wapendwa, wengine walikaa chini kwa matope wakashindwa kusimama, na headman, kwa sababu alikuwa ameshakiri mwenyewe kuwa barua ipo mbele ya wanawake mia moja na askari wake, alibandika ile karatasi kabla jua halijatua, kwa hasira akaibandika kichwa chini, na watu wakaisoma hivyo hivyo shingo zikiwa upande. Warigia alifutwa kazi ya kufagia siku hiyo hiyo, naye Ijumaa alikuwa hapa, kwa hili shamba, anapanda.

Mwaka jana walikuja vijana wakapigilia vigingi vyekundu katikati ya mahindi yake, wakasema ni barabara mpya. Shosho, miaka tisini na nne, alienda ofisi yao mara tatu na fimbo yake kuuliza ramani, akaambiwa, "Shosho, hiyo ni confidential, itawachanganya wananchi." Alirudi akicheka, akasema Ephantus angalau alikuwa na haya ya kuficha. Alianza kuugua kifua mwezi wa Januari, akatuacha Jumanne tarehe 11 Februari 2025, hospitalini Thika, saa nne asubuhi, akiwa ametuagiza tumzike shambani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomwita Mama Wimbo, majirani wa Mugutha, mama Benta na wenzake wa kanisa waliopika tangu Jumatano, na wazee wa kiwandani waliofanya kazi na guka, babu yetu Gerishon. Pumzika Warigia, pumzika kwa amani, siku zote saba za wiki sasa ni zako.

Na wewe, Mheshimiwa, na mkubwa wa barabara aliyekaa nyuma yako, sisi hatumshushi huyu mama kwa kubahatisha. Ramani iko kwa ofisi yenu, mwendo wa dakika ishirini, na gari mnazo, kwa hivyo inukeni mkailete, muibandike hapa kwenye mlingoti wa tent, sasa hivi, kabla hatujashika kamba.