Vijiti Alivyong'oa Mama Godelive

Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi wa ofisi yetu, waheshimiwa wachungaji na machifu, ndugu wakulima mliopanda pikipiki tangu alfajiri kutoka Marabo, na wewe Mama Kahindo, agronoma wetu, mtaalamu wa kilimo, unayepumzika leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukanyaga tope la Ituri: nawasalimu kwa heshima. Mimi ni karani. Nimezoea kuandika maneno ya wengine, leo nasema yangu.

Sifa za Mama mmeshazisikia. Mimi nitaeleza siku moja tu.

Msimu uliopita Mama alichomeka vijiti kwa mistari kukata mteremko wa Marabo, ili hapo zipandwe nyasi ndefu za kuzuia mvua isiteremshe udongo mtoni. Baada ya juma moja vilikuwa vimeng'olewa vyote na kufungwa vizuri kama kuni. Mimi, bila kutoka ofisini, niliandika katika ripoti: "Wakulima wamekataa kwa uvivu na ukaidi."

Mama aliposoma nakala, alinipakia kwenye pikipiki pamoja na jembe lake. "Weye ulisoma sana," akasema, "lakini udongo hausomeke mu dirisha."

Shambani tulimkuta aliyeving'oa, Mama Godelive, aliyekimbia vita Djugu na kuazimwa shamba lile na Muzee Adolphe. Mama hakumgombeza. Alikaa chini, akaomba hindi la kuchoma, akauliza, "Dada, kijiti kilikukosea nini?"

"Mama, mwenye kupanda kitu ya kudumu anasema shamba ni yake. Nipande leo, kesho Muzee anifukuze? Siye tuko wakimbizi. Mahindi nitavuna, nitaenda nayo. Nyasi nitabeba wapi?"

Ndugu zangu, huo ni uvivu? Mahali ambapo ugomvi wa shamba umewahi kuchoma vijiji, nani ataona safu ya vijiti asidhani ni mpaka?

Mama alijicheka. "Kumbe ni mimi nilikosa. Miaka makumi tatu, na bado ninaanza na vijiti mbele ya kusalimia mwenye shamba."

Tukaenda kwa Muzee Adolphe. Alikubali kupanda shina la kwanza kwa mkono wake, majirani wakiona: nyasi ni zake, majani ya kukata ni ya mbuzi wa Mama Godelive. "Abaki tu," Muzee akasema. "Nani mwingine atanichungia udongo?" Leo mistari kumi na miwili imeota.

Sasa nafika kwenye neno ninaloliogopa. Bwana Mkurugenzi, ripoti yangu ilikuwa imekwisha kuwafikia. Mama aliniambia niisahihishe. Niliogopa kukiri kwamba niliandika bila kufika, nikaiacha ilivyo. Kwa sentensi ile moja, Marabo imo katika orodha ya vijiji vitakavyoondolewa kwenye mradi huu wa kuhifadhi udongo, inayongoja sahihi yenu Jumatatu. Mama hakunishtaki. Aliniuliza tu kila asubuhi, "Ile karatasi, kijana?" Nami nilijibu, "Kesho, Mama."

Mama, leo ndiyo ile kesho. Karatasi ni hii, imesahihishwa, ina jina langu chini. Ninamkabidhi Bwana Mkurugenzi mbele ya Mama Godelive, aliyekaa pale mstari wa tatu na fungu la vijiti vyako mapajani. Amekurudishia vyote, anasema havihitaji tena.

Pumzika vema, Mama yetu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.