Teodor Hojsak, Mrusini Aliyepuliza Kiti Kabla ya Kuketi

Marehemu Teodor Hojsak alizaliwa tarehe 9 Novemba 1938 katika kijiji cha Krynychka, kwenye milima ya Karpati, kusini mwa Poland. Alikuwa kifungua mimba wa Marehemu Petro na Marehemu Maria, na kaka wa Paraska. Watu wa kwao ni Warusini. Sisi wakwe zake tulichukua miaka kulishika jina hilo. Tulimwita Mrusi, naye akatukosoa kwa upole: "Warusi ni wengine, shemeji. Sisi hatuna nchi. Tuna milima, makanisa ya mbao na lugha yetu." Huko Poland aliitwa Mukraine, na hapa Texas aliitwa Mpolandi. Alimjibu kila mmoja, lakini ilimchosha.

Julai 1947 askari wa serikali ya Poland walikizingira kijiji, wakawapa watu saa chache za kufungasha, kisha wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo hadi upande wa pili wa nchi. Paraska, aliyekuwa na miaka minne, alifariki njiani, akazikwa kando ya reli. Teodor alikuja kulitafuta kaburi hilo ukubwani na hakulipata.

Familia ilipewa nyumba iliyoachwa na Wajerumani, vikombe vya wenyewe vikiwa bado kabatini. Jioni ya tarehe 6 Januari 1948, mkesha wa Krismasi ya Warusini, mama yake aliandaa meza. Wanaamini kwamba jioni hiyo marehemu wa nyumba huja kula na jamaa zao, kwa hiyo kila mtu hupuliza kiti kabla ya kuketi, asije akaikalia roho. Teodor alikuwa na njaa. Aliketi bila kupuliza, tena mahali alipowekewa Paraska. Mama yake aliweka kijiko chini. Tangu hapo Teodor aliamini kwamba dada yake alifika, akakosa pa kukaa, akarudi relini; hakuketi tena kwenye kiti chochote, siku yoyote, bila kukipuliza. Mtoto wa miaka tisa! Inaniuma kila nikifikiria.

Shuleni walikatazwa kuzungumza lugha yao. Alisomea ufundi wa mitambo mjini Legnica, akahitimu mwaka 1957. Alihamia Fort Worth mwaka 1984, akafanya kazi ya kutengeneza mashine za kunyanyulia mizigo katika maghala hadi alipostaafu mwaka 2003.

Mwaka 1994 alilazwa hospitalini baada ya kuumia mkono, na huko ndiko alikokutana na dada yangu, Truphosa Kerubo. Alimletea kiti, mgonjwa akakipuliza. "Nimekuwa nurse miaka mingi," Kerubo aliniambia kwa simu, "lakini patient wa kupulizia kiti kama uji wa moto, huyu ni wa kwanza!" Tulicheka sana. Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1995, wakahamia Haltom City, jirani na Fort Worth, na mwaka 1997 Mungu akawajalia Anna Moraa. Kiswahili alijifunza kwetu, akakizungumza kwa lafudhi ya milimani kwao.

Mezani kwao palikuwa na kiti kimoja kisichokaliwa. Mama yetu, Apolonia, alipowatembelea kutoka Kisii mwaka 2001, aliuliza mkwe wake anapuliza nini. Tukaona aibu, tukidhani atashtuka. Aliposikia habari za Paraska aliinuka kwenye kiti chake. "Mimi nimezika mume na watoto wawili," akasema. "Na mimi nipulize." Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka tena Teodor nyumbani humo.

Mwaka 2005 Teodor aligundulika kuwa na kansa ya mapafu. Alitibiwa Houston, akiishi mtaa wa Sharpstown huko huko, kwa binamu yetu Prudensia. Ugonjwa ulimnyang'anya pumzi, na kwa sababu hakuweza kupuliza alikataa kuketi. Alisimama akishika ukuta mpaka Moraa alipoinama akapuliza kwa niaba yake. "It's okay, Baba," mtoto akamwambia. "Nimesha-blow." Ndipo akaketi. Moraa aliifanya kazi hiyo hadi mwisho.

Wiki yake ya mwisho aliniita kitandani. "Shemeji, siku ya kunizika useme mimi ni Mrusini. Nikizikwa kwa jina la watu wengine, Paraska atanipita." Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Machi 2006, mkono wake ukiwa mikononi mwa Kerubo.

Juzi viti vya wageni vilipoletwa Haltom City, Moraa alivipitia vyote akivipuliza hadi akaona kizunguzungu. Kimoja akakivuta mbele, akazuia watu. Nikamuuliza kama ni cha baba yake.

"No, Uncle. Baba alisema yeye atasimama. Hiki ni cha Paraska."

Kiti hicho tumekuja nacho hapa makaburini. Tafadhali, asikikalie mtu.

Marehemu ameacha mjane, Truphosa Kerubo. Binti, Anna Moraa. Mama mkwe, Apolonia. Nami shemeji yake, Mogaka, pamoja na jamaa na marafiki. Hapa leo hakuna Mrusini mwingine isipokuwa Moraa, kwa hiyo nalisema jina lake kwa sauti, asikie yeyote anayemtafuta: huyu ni Teodor Hojsak, Mrusini wa Krynychka.

Paraska, kaka yako yuko hapa. Keti, mwanangu, naye apate kupumzika.