Samaki Hawana Mkwe

Mheshimiwa mgeni rasmi. Viongozi wetu wa dini mliotufungulia kwa dua. Bwana Mkurugenzi na maofisa wote wa idara ya uvuvi. Ndugu wageni waalikwa. Wakausha samaki wenzangu ambao leo mmeacha majiko yenu yapoe. Na wewe baba yangu mzazi, uliyekaa safu ya pili chini ya feni na kulalamika kwamba feni hiyo ni pambo tu: nawasalimu nyote kwa heshima, na wakubwa wangu shikamooni.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama. Mshereheshaji ameniambia niseme kwa kifupi. Nitajaribu, ingawa kwa mtu aliyezoea kuuza samaki sokoni, kufupisha maneno si kazi ndogo. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya tani na hekta ameshayasoma Bwana Mkurugenzi, nami sitayagusa. Nitasema ninachokijua. Huyu anayestaafu leo, ninyi mnamwita Afisa Uvuvi. Mimi namwita shemeji, maana amemwoa dada yangu mkubwa, yule pale anayejifuta macho kabla hata sijaanza.

Ndugu zangu, wengi wenu mnaiona ile ghuba yetu ya matete, imezungushiwa maboya, mkadhani iliumbwa imefungwa. Sivyo. Baba yangu alivua humo, na baba yake alivua humo, kwa kokoro, ule wavu mrefu unaoburutwa kutoka majini hadi nchi kavu, unaozoa mkubwa, mdogo na mayai. Wavu huo ulitulea, siutukani. Lakini ilifika mahali mtu anaburuta tangu alfajiri na kinachotoka hakijazi sufuria. Samaki wenyewe walikuwa kama vidole. Tukiwapanga jikoni wanapenya kwenye waya na kuangukia motoni.

Shemeji akaitisha mkutano. Akaeleza kwamba kwenye yale matete ndipo samaki wanapozalia, na mtu hawezi kula mbegu kisha akangoja mavuno. Wavuvi wakabishana, wakatupiana maneno, mwisho wakanyoosha mikono: ghuba ifungwe, na wavu utakaokutwa humo uchomwe hadharani. Baba yangu hakuhudhuria. Alisema hawezi kwenda kusikiliza uwanja wake mwenyewe ukijadiliwa.

Je, mnajua wavu wa kwanza kukamatwa ulikuwa wa nani?

Nilikuwepo ufukweni na beseni langu. Baba alishuka mtumbwini, akamkuta mkwewe amesimama na walinzi.

"Shikamoo, baba," shemeji akasema.

Baba akaendelea kukunja wavu wake.

"Shikamoo, baba. Naomba wavu."

"Utauchoma wavu uliomlisha mkeo mpaka ukamwona anafaa kuolewa? Kwani Serikali haina mkwe?"

"Serikali inaye, baba. Samaki ndio hawana."

Akauchoma. Hakuwaachia walinzi kazi hiyo, wala hakugeuza uso. Alisimama upande ule ule moshi ulikokuwa ukielekea, mpaka wavu ukawa majivu. Kisha akamwamkia baba tena, na baba hakuitikia. Siku hiyohiyo dada yangu akarudi nyumbani kwetu, mtoto mgongoni.

Alikaa msimu mzima wa mvua. Na kila wiki, akitoka ibadani, shemeji alikuja mpaka mlangoni petu, akaamkia, asijibiwe, akaondoka. Angeweza kuomba uhamisho. Angeweza kumpelekea mzee wavu mwingine kwa siri, na wapo waliomshauri hivyo. Hakufanya. Nawauliza, ni wangapi kati yetu tukiwekwa baina ya haki na ukwe tungeweza kusimama bila kuegemea ukuta? Mwisho dada alifunga mzigo wake mwenyewe, akasema, "Baba, wewe una hasira, yeye ana haki. Nimechoka kukaa na hasira." Akarudi kwake.

Tangu hapo baba hakumwita tena "mwanangu". Alimwita Serikali. "Serikali amefika, mpeni kiti." "Muulizeni Serikali kama anakunywa chai." Mjukuu amekua akidhani hilo ndilo jina la baba yake.

Naye shemeji akatuambia sisi akina mama: "Nimewazibia riziki upande mmoja. Nisipowafungulia upande mwingine, Mungu ataniuliza." Akatuchimbisha mabwawa nyuma ya majiko. Mwaka wa kwanza tuliaibika. Perege tuliwaacha dume na jike pamoja, wakazaana mpaka wakakosa pa kugeukia, wote wakadumaa. Baba akaja kuchungulia.

"Hongereni," akasema. "Serikali amewafugisha viluwiluwi."

Shemeji hakukasirika. Alikunja suruali ya ofisini, akaingia matopeni pamoja nasi, akawa anamgeuza samaki mmojammoja tumbo juu na kutuonyesha: dume huku, jike kule. Mwenzetu mmoja akamwambia, "Shemeji, leo umekuwa mkuu wa bweni!" Tulicheka mpaka tukakaa kwenye tope. Mabwawa hayo ndiyo yanayotulisha leo ziwa likichafuka, na vifaranga vya perege wake watu wanatoka mbali kuvifuata.

Na ghuba je? Siku moja baba alitoka kuvua kwa ndoana, nje kabisa ya maboya. Akaniwekea mezani perege aliyeijaza sahani, mkia ukaning'inia nje. Akanitazama.

"Hawa wametoka wapi?"

"Baba, unajua walikotoka."

Akausukuma ule mkia urudi sahanini. Kisha akasema, "Usimwambie Serikali."

Shemeji, siri hiyo nimeibeba miaka mingi. Leo nimeitua.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa nakugeukia wewe, kwa adabu zote. Juzi maboya mawili yamekutwa yamekatwa kamba. Nyuma ya nyumba zetu makokoro mapya yanaanikwa mchana kweupe, na wenyewe wananiambia sokoni bila kupepesa macho: "Shemeji yako akikabidhi ofisi, sisi tunaingia." Wanasema pia kwamba umeshawaahidi kuifungua ghuba. Mimi sijakusikia ukisema hivyo, na Mungu ametukataza kumshuhudia mtu kwa jambo la kusikia. Lakini afisa mpya hajapangwa bado, na mwenye neno la mwisho juu ya ghuba ni wewe. Ghuba ikiingiwa msimu mmoja tu, matete yakavurugwa, kazi ya maisha ya mtu huyu itakuwa imekwisha kabla saa ya ukutani aliyozawadiwa leo haijapata msumari.

Sisi wakausha samaki tulijiuliza tumpe nini. Viti amepewa, saa amepewa, blanketi amepewa. Basi tumetengeneza maboya mapya, tumeyapaka rangi nyekundu ili asiwepo wa kusema hakuyaona. Kamba hatukununua. Asubuhi hii baba amekuja jikoni kwangu na kamba begani, ameisokota mwenyewe, kwa vidole vile ambavyo siku hizi hata kifungo cha shati vinashindana nacho.

"Ya nini, baba?"

"Ya maboya. Serikali si anamaliza leo?"

"Anamaliza leo."

"Basi mwambie mkwe wangu, kesho asubuhi mtumbwi uko tayari. Mimi nashika kasia, yeye afunge. Na asichelewe kama watu wa ofisi."

Shemeji, umesikia ulivyoitwa.

Mtumbwi wa baba unachukua watu watatu. Mheshimiwa, mahali pa tatu tumekuwekea wewe, ukafunge boya la kwanza kwa mkono wako, nasi sote tutakuwa tumesimama nchi kavu tukitazama. Njoo na viatu visivyoogopa maji.

Mwenyezi Mungu amjalie shemeji mapumziko yenye afya, amlipe dada yangu kwa subira yake, na awalinde walio kwenye matete wasioweza kujisemea. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Tuonane kesho ufukweni.