Mbuzi Ambaye Rukaiya Hakumpokea

Rukaiya Bakary, mhudumu wa afya wa kituo chetu, anastaafu tarehe 30 Juni 2026 baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Ninayeandika wasifu wake ni Modest Chilumba, niliyekuwa mganga mfawidhi wake kwa miaka kumi na mitano. Kabla ya kueleza kazi zake, natamka kwamba kuna jambo nimelificha tangu mwaka wa korona, nalo ni jinsi Rukaiya alivyoingia chumba cha maiti. Hadithi mnayoijua, kwamba aliingia mwenyewe kwa moyo wa utani, niliianzisha mimi, na si ya kweli. Kwa sababu ya hadithi hiyo, yeye na wenzake watano hawajalipwa posho ya mazingira hatarishi mpaka leo.

Dokta Safina, mfawidhi wa sasa, aliniomba kurasa chache za kumsifu. Nimempa hizi, nikamwomba azisome zote mbele ya wageni bila kuruka mstari. Mimi ugonjwa wa moyo hauniruhusu tena kufika hata barabarani.

Rukaiya alizaliwa Ruponda katika nyumba ya wakulima wa ufuta na mbaazi. Alimaliza darasa la saba, akauza maandazi mnadani, na mwaka 1992 akaajiriwa kwenye zahanati kama mhudumu. Watu wengi hudhani mhudumu ni mtu wa kupiga deki. Rukaiya alipiga deki, ndiyo, na pia alichemsha vyombo, alibeba wagonjwa, alishika tochi wakati mama anajifungua, na alitumwa kuwasaka waliotoroka wodini. Kuna mzee aliyetoroka na dripu mkononi kwenda kuuza korosho zake, akiogopa bei itashuka. Rukaiya alimkuta kwenye foleni ya mizani. Hakumfokea. Alishika ile chupa juu, akasimama naye mpaka zamu yake ikafika. Alimwambia, "Uza, baba, lakini chupa ni ya serikali, isije ikapimwa pamoja na korosho."

Mwaka 2006 alihamishiwa kwenye kituo chetu, kando ya barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa. Nami nilifika mwaka huo huo. Mimi ni Mmwera wa Malolo, yeye ni Myao, na kwetu hao ni watani. Siku ya kwanza aliponiona nimevaa koti jeupe alinizunguka mara moja, akawaambia wauguzi, "Leo nimeona Mmwera aliyevaa nguo isiyo na matope. Mchungeni, asije akatupandia muhogo nyuma ya maabara." Nilimjibu kwamba Myao hawezi kuulinda muhogo, kwa kuwa ataula mbichi. Tukaanza kazi.

Wageni waliohudhuria sherehe hii pengine hawaujui utani wa huku, kwa hiyo naueleza. Mtani hukutukana bila kosa, na msiba ukikufika, yeye ndiye wa kwanza kushika kazi ambayo wewe mfiwa huiwezi. Lakini mtani hafanyi kazi hiyo bure. Hudai, tena kwa vituko, na ni aibu kutompa.

Mama yangu alipofariki, Rukaiya alifika Malolo kabla ya jua kupanda. Akayakusanya majembe yote ya kuchimbia kaburi na kuyaficha ghalani, kisha akakaa mlangoni pa ghala amekunja mikono. "Bibi huyu alinisema sana alipokuwa hai," alitangaza. "Hatoki hapa mpaka anilipe." Kaka yangu mkubwa alikwenda kumletea jogoo. Rukaiya alimshika miguu, akampima kwa mkono, akauliza, "Huyu ni jogoo, au ni mgonjwa mwingine mliyekuwa mnamficha?" Wafiwa walicheka, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza baba kucheka tangu usiku ule. Majembe yakatoka. Yule jogoo alirudi naye Ruponda.

Katika kituo chetu alifanya mengi ambayo hayakuandikwa popote. Familia za wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa zilipoanza kuingia upande wa Matambarale na ng'ombe wao, baadhi ya watumishi waliwaona kama watu wa kuharibu mashamba tu. Rukaiya alijifunza kuwasalimu "mwangaluka", na wanawake wao wakaanza kuja kliniki wakimuulizia kwa jina. Bwana mmoja alimleta mkewe kujifungua, akafunga ng'ombe wake kwenye uzio wetu, nao wakala bustani yote ya mchicha. Wauguzi walitaka mgambo aitwe. Rukaiya alimhukumu papo hapo alete maziwa ya wazazi wote wodini kwa wiki nzima. Bwana yule alileta kwa mwezi.

Ukaja mwaka wa korona. Kwetu ugonjwa ulifika kwa jina la shida ya kupumua. Watu walijifukiza kwa majani ya limao na mwarobaini, wengine wakapona nyumbani, wengine wakaletwa wakiwa wamechelewa. Waliokufa walilazwa katika chumba kidogo nyuma ya kituo, na hapo ndipo tatizo lilipoanza. Ndugu waliogopa kuingia, na waoshaji waliozoea kazi hiyo walifika getini wakageuka. Maiti hazingeweza kukaa, maana jokofu hatuna.

Rukaiya aliosha wanawake. Yasini, mlinzi wetu, aliosha wanaume. Watumishi wengine wanne walibeba, walichemsha nguo na kuchoma takataka. Mavazi ya kujikinga hayakuwepo. Rukaiya alivaa koti la mvua aliloazima kwa dereva wa bodaboda, mabuti ya shambani, na glavu alizozifua na kuzianika. Kwa miezi mitatu hakulala kwake. Alilala stoo, juu ya marobota ya vyandarua.

Mumewe, Kaimu, alimletea chakula kila jioni na kukiweka chini ya uzio. Wagonjwa walizoea kuwasikiliza.

"Nimekuja kumwona mke wangu," Kaimu alisema siku moja. "Au na hilo nalo linahitaji kibali cha daktari?"

"Kaa huko huko na kifua chako," Rukaiya akajibu. "Na hii mboga umeitia chumvi mara ngapi?"

"Mara moja ya kwangu na mara moja ya kukukumbuka."

"Basi kesho nisahau kidogo."

Baada ya wimbi kupita, watumishi hao sita walidai posho ya mazingira hatarishi na ya saa za ziada. Rukaiya ndiye aliyekuwa wa kwanza kudai. Hakudai kwa unyonge wala kwa kelele. Alisema kazi aliyoifanya haikuwa ya kawaida, alipangiwa, na inalipwa. Madai yao yakapelekwa juu, na mwanzoni mwa 2021 akaja afisa kuyachunguza. Sitamtaja, hana kosa. Aliniuliza ofisini kwangu, "Nani aliwapangia kazi ile? Na aliwapangia wakiwa na vifaa gani?"

Nilikuwa nimebakiza miezi mitano nistaafu. Mkuu wa kituo anayewaingiza watumishi mahali kama pale bila vifaa ana kosa la nidhamu, na kosa la nidhamu lingegusa mafao yangu. Nilijua jibu la kweli. Nilijua pia kwamba afisa yule amekulia kusini.

Nilimwambia, "Mheshimiwa, huyu mama ni Myao. Ana utani na nusu ya wilaya. Aliingia kama mtani, wenzake wakamfuata. Unawajua watani, huwezi kuwazuia."

Alicheka. Akanisimulia watani wa kwao walivyomzuia baba yake mdogo asizikwe mpaka walipopewa soda. Kisha akafunga kalamu yake. Mlango ulikuwa wazi na Rukaiya alikuwa anapiga deki ukumbini. Nilisikia deki imesimama. Baadaye ikaendelea.

Madai yalikataliwa kwa maelezo kwamba waombaji walijitolea kwa mila, na anayejitolea hadai. Hadithi haikuishia hapo. Ilipendwa. Mei Mosi iliyofuata Rukaiya alipewa cheti na doti ya kanga kwa moyo wa kujitolea, na hotuba ikasomwa juu ya mtani aliyewazika wasio na wa kuwazika. Niliiandika mimi hotuba ile. Tangu hapo, kila mtumishi wa ngazi ya chini alipouliza juu ya malipo ya kipindi kile, aliambiwa amwige mama Rukaiya, ambaye hakudai. Yasini aliambiwa hivyo mara nyingi. Sasa analinda duka mjini Nachingwea.

Kwangu mimi Rukaiya alifanya jambo moja tu. Asubuhi iliyofuata ujio wa yule afisa alinikuta kwenye korido, akashusha ndoo, akainama kidogo. "Shikamoo, daktari," akasema.

Watani hawaamkiani shikamoo. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameniamkia kwa matusi. Nilisubiri, nikidhani ni kituko kipya na kwamba neno la kuchekesha litafuata. Halikufuata. Aliendelea kuniheshimu mpaka siku nilipoagwa kwa kochi la watu watatu, ambalo ndilo ninalolalia ninapoandika.

Mwezi uliopita Mabula, mfugaji wa Matambarale, alipita kunijulia hali na dumu la maziwa. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliofia kituoni mwaka ule. Aliketi, akaniuliza kama ni kweli mama Rukaiya anaagwa. Nikamwambia ni kweli.

"Wanasema mama yangu aliogeshwa kwa utani," alisema. "Utani gani, mzee? Mimi huku mtani wangu nani? Nilikuja na ng'ombe tu."

Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Siku ya pili baada ya mazishi alimpeleka mbuzi kituoni, maana hata kwao anayemshika maiti wako haachwi mikono mitupu. Rukaiya alimsindikiza yeye na mbuzi wake mpaka getini.

"Aliniambia, rudi naye, baba. Hii ni kazi yangu, nimepangiwa, serikali itanilipa. Nikamwambia, mama, basi chukua hata mguu. Akasema hata mkia hachukui, na mbuzi aache kumtazama hivyo."

Mabula alicheka alipokumbuka, akaondoka. Dumu la maziwa likabaki mezani.

Namfahamu Rukaiya. Ni mwanamke aliyeficha majembe ya kaburi la mama yangu kwa ajili ya jogoo mkondefu. Angekuwa mtani siku ile, mbuzi angempokea kwa mikono miwili, na angelalamika kwamba ana pembe fupi. Alimkataa kwa sababu alikuwa mtumishi aliye kazini, na mtumishi hapokei kitu kwa mgonjwa wala kwa mfiwa. Aliamini kwamba wa kumlipa ni mwajiri wake. Mwajiri akaniuliza mimi, nami nikasema vile nilivyosema.

Rufaa ya watumishi wale sita itasikilizwa na kamati mwezi ujao, na ni Rukaiya aliyeikata, miezi michache kabla ya kuondoka. Dokta Safina ameniambia kinachokosekana ni kimoja: maelezo ya msimamizi wa wakati ule kwamba kazi ile iliagizwa. Bila hayo, Rukaiya ataondoka na cheti na kanga, na walio chini yake wataendelea kuambiwa wamwige. Naomba wasifu huu upokelewe na kamati kama maelezo hayo. Dokta Safina ameshuhudia nikiutia sahihi, na akili yangu ni timamu.

Kwa niaba ya wote waliopita wodini kwetu, na wale waliotoka kwa mlango wa nyuma wakiwa safi kwa mikono yake, tunamshukuru Rukaiya Bakary. Mama, wewe na Kaimu mkavune ufuta wenu mkiwa wazima, na kengele ya zamu isiwaamshe tena. Mimi msimu huo huenda nisiuone. Siku utakayoitwa Malolo, njoo mapema, ficha majembe, wala usiyatoe kwa jogoo. Wanangu nimeshawaambia ni mbuzi.

Na kwa kamati, ukweli ni huu. Asubuhi ya maiti ya kwanza Rukaiya alikataa kuingia. Alisimama mbele ya meza yangu akasema mumewe ana pumu na nyumbani kwao wanalala chumba kimoja. Nilimwambia asiyeingia leo, kesho asije kazini. Akaenda kuazima koti la mvua.