Miaka Kumi Nje ya Ukumbi: Maisha ya Fundi Verlin Stuckey

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Pruett, na nyinyi wanaume wa meza ya dirishani pale mgahawani kwa Dottie, ambao leo mmevaa tai kama watu wazima, mimi ni Lavonne, mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasomee habari za maisha yake, nami nimekubali kwa sharti kwamba hakuna atakayenikatiza mpaka nimalize, hata wewe Hobart Pfeiffer.

Marehemu Verlin Amos Stuckey alizaliwa tarehe 9 Februari 1948, saa kumi na moja alfajiri, hapa hapa Pruett, jimbo la Indiana, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya kinu cha mahindi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Amos Stuckey na mama yetu Opal, na baba alipigilia ringi ya pipa ukutani kwenye ghala kabla mtoto hajajua kutembea, maana ndivyo tulivyo huku, mtoto anatafutiwa kikapu kwanza na viatu baadaye.

Alisoma shule ya msingi ya Pruett kuanzia mwaka 1954, akaingia sekondari mwaka 1962 na kumaliza Mei 1966, na kwa miaka mitatu alivaa jezi namba 14 ya shule, ambapo kwa hesabu yake mwenyewe alicheza dakika kumi na moja tu, muda uliobaki akiwa benchi, lakini hizo dakika kumi na moja tumesimuliwa sisi mpaka tukazijua kuliko majina ya shangazi zetu. Mwaka 1967 aliingia jeshini, akawa fundi wa magari katika kambi moja kule Kentucky, akarudi nyumbani Septemba 1969 akiwa na cheti, mkono wenye kovu la mafuta ya moto, na mazoea ya kuamka kabla ya kuku.

Tarehe 2 Machi 1970 alifungua gereji yake mtaa wa Vine, akaifanyia kazi miaka arobaini na nane, hadi magoti yalipomkatalia kuingia chini ya magari, na hapa ndani sijui kama kuna mtu ambaye gari lake halijawahi kushikwa na mikono ile. Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na wifi yangu Norabelle Eckert katika kanisa hili hili, mwezi huo ukiwa umechaguliwa na bwana harusi mwenyewe kwa sababu hauna mechi, na bibi harusi akajua tangu siku hiyo kwamba ameolewa na watu wawili, Verlin pamoja na timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Tolliver cha hapa mjini, Korongo wetu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Janelle aliyezaliwa mwaka 1974 na Curtis aliyezaliwa mwaka 1977, na wajukuu watano, ambao wote wanajua tofauti ya ulinzi wa kanda na ulinzi wa mtu kwa mtu kabla ya kujua kugawanya.

Kwa wale mliotoka mbali, niseme kwamba meza ya dirishani pale kwa Dottie hukutana kila siku saa kumi na mbili asubuhi, watu wanakula bisikuti, vile vimkate laini vya huku, na mchuzi mweupe wa soseji, wanamfukuza kocha, wanamrudisha, wanapanga ni kijana gani wa sekondari asajiliwe msimu ujao, na kila Novemba, kabla ya mechi ya kwanza, kila mmoja husimama na kutaja kwa sauti timu itashinda mechi ngapi, na akishataja haruhusiwi kurudisha maneno yake. Verlin alikaa kwenye meza ile tangu mwaka 1972, siku zote akitaja mechi ishirini, hata miaka ile tuliyoshinda sita, Hobart akimwambia, "Wewe Verlin matumaini yako yanahitaji daktari," naye anajibu, "Na wewe unahitaji kunyolewa, kinyozi gani ana nywele kama hizo."

Sasa nafika mahali ambapo wote mnapajua, au mnadhani mnapajua.

Mwaka 2003 Tolliver hatukuwa na mchezaji mrefu wa kucheza chini ya kikapu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kote Indiana walikuwa wanamzungumzia kijana mmoja wa mji wa Gary, Tavaris Oglesby, miaka kumi na saba, urefu futi sita na inchi kumi, ambaye Tolliver walimtaka, na mahasimu wetu Kessling nao walimtaka, na pale mezani watu walishaanza kumpanga kwenye kikosi kama vile ameshafungua begi bwenini. Jumamosi tarehe 15 Novemba kijana alikuja kukitembelea chuo pamoja na bibi yake, Bi Ernestine, na wakati wa kurudi gari lao lilikata fenibelti mtaa wa Vine, kwenye baridi ya kukata masikio, na Verlin akatoka na kofia yake, akamwingiza bibi ndani karibu na hita, akampa pudini ya persimoni, yale matunda yetu ya porini, iliyotengenezwa na Norabelle, akafunga fenibelti mpya kwa nusu saa, na yule bibi alipofungua mkoba akamwambia, "Weka mama, nenda nyumbani salama, giza linaingia."

Ndugu zangu, hilo ndilo kosa lenyewe, maana sheria za michezo ya vyuo zinakataza shabiki kumpa mchezaji anayetafutwa na chuo, au mtu wa familia yake, kitu chochote cha bure, hata kipande cha pudini, na kaka yangu hakuifikiria sheria, aliona mama mzee anatetemeka. Kesho yake habari nzima ikatokea kwenye ukurasa wa mashabiki mtandaoni, kwa jina lake, "Fundi Stuckey", ikielezea fenibelti, pudini na kila kitu kwa majigambo, mtu wa Kessling akaisoma, akaipeleka inakopelekwa, chuo chetu kikalazimika kujishtaki chenyewe kwa wasimamizi wa michezo ya vyuo na kuacha kumfuata yule kijana, na tarehe 12 Januari 2004 Verlin akaletewa barua kwamba asikanyage ukumbi wa Tolliver kwa miaka kumi. Tavaris akaenda Kessling, tukakutana naye mara nane, akatufunga mara saba, na mara ya nane alikuwa na mafua.

Mji huu haukumsamehe, na nitasema hivyo mbele ya jeneza lake kwa sababu ndiyo kweli. Pale mezani Hobart alimwambia, "Mdomo wako umetugharimu ubingwa, fundi, ungekaa kimya tu, kwani ulikuwa unashindwa nini," na wengine wakacheka, na ikawa msemo hapa Pruett, mtu akishindwa kutunza siri anaambiwa amefanya Verlin, watoto shuleni wanaambiana usiwe Verlin, nimewahi kulisikia hata kwenye ibada ya ubatizo. Yeye aliendelea kwenda kwa Dottie kila asubuhi, akala bisikuti yake, akataja mechi zake ishirini kila Novemba, na kila siku ya mechi aliegesha pikapu ng'ambo ya barabara, mkabala na ukumbi, akasikiliza redioni huku akisikia kelele za watu wenyewe kupitia dirishani, na Norabelle, ambaye hakuwa amekatazwa kuingia, alikaa naye na chupa ya kahawa misimu yote kumi, alipoulizwa akasema, "Mimi niliolewa na huyu, sikuolewa na ukumbi." Jumamosi tarehe 18 Januari 2014 waliingia tena pamoja, mtu mmoja safu ya juu akapiga kelele, "Fundi, leo usimtengenezee mtu gari," na kaka yangu akavua kofia akamwinamia, watu wakacheka naye badala ya kumcheka.

Aprili 2022 Tolliver walimwajiri kocha mpya, naye ni Tavaris Oglesby huyu huyu, na siku hiyo pale kwa Dottie kulichafuka, Hobart akisema mtu wa Kessling hata maji asipewe, mwingine akisema atatuibia wachezaji awapeleke kwao, na Verlin akaweka uma chini akasema, "Yule alitaka kuja kwetu akiwa mtoto, sisi ndio tuliomfungia mlango, sasa amekuja mwenyewe mnataka kumfungia tena, nyie watu mna wazimu?" Wiki ile ile kocha alienda nyumbani kwake mtaa wa Vine, akampa salamu za Bi Ernestine, kwamba siku ile walifika Gary salama, na kutoka hapo wakawa marafiki, ila kocha kila alipoanza kutaja kijana anayetaka kumsajili, kaka yangu aliziba masikio kwa viganja na kuimba kwa nguvu mpaka yule mtu abadilishe mazungumzo.

Marehemu alianza kuumwa moyo Oktoba 2022, akalazwa mara tatu, na mwishoni mwa Januari mwaka huu madaktari wakamruhusu akae nyumbani na watu wake. Jumatano iliyopita Tolliver walicheza na Kessling, alisinzia nusu ya pili ikiwa inaanza, na asubuhi Norabelle akamwambia tumeshinda 71 kwa 68, akauliza, "Mitupo huru tulipata mingapi?" akaambiwa kumi na tisa kati ya ishirini na miwili, akasema, "Basi sasa tuna timu," na tarehe 15 Februari 2024, Alhamisi, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake.

Karatasi niliyopewa na familia inaishia hapo, lakini mimi sijamaliza. Verlin hakuandika kitu chochote kwenye ule ukurasa. Hakujua hata kuwasha kompyuta, jina lile alifunguliwa na Curtis, na mliokuwa mnajibizana na Fundi Stuckey miaka yote ile mlikuwa mnajibizana na mimi, yeye anasema akiwa kwenye kiti, mimi nachapa. Siku ile ya bibi alinisimulia wakati wa chakula, akasema, "Lakini yaishie hapa, Lavonne," akaenda zake. Jumapili nimetoka kanisani nikafungua ule ukurasa, nikakuta mtu wa Kessling ameandika kwamba hakuna kijana mwenye akili atakayekuja Tolliver, damu ikanichemka, nikaandika yote, neno kwa neno, kwa jina la kaka yangu.

Barua ilipokuja nilienda gereji nikilia, nikamwambia naenda chuoni sasa hivi kusema ni mimi. Wakati huo nilikuwa mpishi katika bwalo la chuo, mwaka wa ishirini na moja, mume wangu ameshafariki, na mfanyakazi wa chuo akishikwa na jambo kama lile anatoka siku hiyo hiyo. Akaniuliza, "Umebakiza miaka mingapi upate pensheni?" nikasema miwili, akasema, "Basi nyamaza," akarudi chini ya gari. Nilipostaafu mwaka 2006 nikamwambia sasa niseme, akakataa, akasema, "Wameshachoka kunitukana mimi, wakianza na wewe watapata nguvu mpya," na ukweli ni kwamba nilifurahi aliposema hivyo, nikaendelea kukaa kimya mkimcheka, miaka kumi na minane zaidi, nikiwa naogopa nyuso zenu. Nisamehe kaka. Wiki mbili zilizopita nilimwomba tena, akasema, "Subiri niondoke, sitaki kuwepo wakikupigia kelele," na sasa ameondoka, pigeni.

Jana nilimfuata Kocha Oglesby, aliyekaa pale mstari wa tatu na wachezaji wake wote, nikamweleza nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Akaniuliza, "Kwa hiyo ni wewe uliyeandika kwamba nina adabu za nyumbani, na kwamba mji wowote utakaonipata utakuwa na bahati?" Nikasema ndiyo, niliandika hivyo, sikumbuki yote. Akasema yeye anayakumbuka yote, kwamba mwaka ule watu mia moja waliandika kuhusu urefu wake na mikono yake, mmoja tu aliandika kuhusu yeye, na kazi ya hapa ilipotangazwa aliiomba kabla hajamaliza kusoma tangazo. "Bi Lavonne," akaniambia, "mlinikosa, lakini hamkunipoteza."

Kwa hiyo nawaomba watu wa Pruett jambo moja, na namwomba Hobart aanze. Mtu akishindwa kufunga mdomo, msiseme tena amefanya Verlin. Semeni amefanya Lavonne, nitaitika. Jina la Verlin litumieni kwa mtu anayebeba mzigo wa mwenzake na haambii mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa moyo waliomhudumia, muuguzi Patrice aliyekuwa anakuja nyumbani na alikubali kufundishwa mpira wa kikapu bila kuomba, majirani wa mtaa wa Vine waliofagia theluji mlangoni wiki tatu mfululizo, mafundi wenzake, Dottie na wafanyakazi wake, Korongo wa Tolliver na kocha wao, na meza ya dirishani, ambao pamoja na ukorofi wenu wote mlimtembelea kila siku. Timu imeshinda mechi kumi na tisa, na kesho wanacheza.

Lala kwa amani, Verlin. Mimi nimeshasema, na hakuna aliyenipigia kelele.