Mabua ya Baruti

Benchi la mbele ya duka la Mileva, kijijini Gornja Lipa nchini Serbia, halikosi watu hata theluji ikifika magotini. Siku hiyo walikaa wanne, kila mtu na kahawa yake, na mwenye lake moyoni alikuwa mzee Tihomir. Kijiji kizima humwita Baruti, kwa ajili ya kamzinga kake ka chuma anakokalipua uani kila mkesha wa Krismasi. Asubuhi hiyo mkamwana wake Jasna alipiga simu kutoka Belgrade: mzee akitandaza tena mabua ya ngano sakafuni na kuwasha mshumaa mezani, wajukuu hawaji. Mwaka jana mshumaa ulianguka, mabua yakashika moto, na soksi ya Neda mdogo ikaungua mguuni. Krismasi bila wajukuu! Baruti aliumia, lakini pale benchini alijikaza kwa maneno makubwa.

— Mimi niache mabua? Babu alitandaza, baba alitandaza. Yesu alizaliwa zizini, hakuzaliwa kwenye zulia!

— Waambie! alidakia Kofia, ambaye kofia yake ya manyoya haivui hata akinywa supu. Huko mjini wananunua kiganja kimoja cha mabua dukani, kimefungwa utepe. Hata kuku hatagi humo!

— Krismasi yenyewe tumebaki nayo sisi, alisema Profesa, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani tu. Sasa tumlinde mtoto bila kuharibu mila. Loweka mabua, Baruti.

— Watoto watambae kwenye maji wapate nimonia? alisema Baruti.

— Wavishe makoti ya mvua.

— We Profesa, acha zako! Kofia alimkata. Mshumaa utundikwe darini kwa mnyororo.

— Nta iwadondokee utosini?

— Si watavaa helmeti!

— Helmeti mezani, siku ya Krismasi? Hapana, bwana. Tuite gari la zimamoto lisimame uani, mpira wa maji upite dirishani, alisema Profesa.

— Na padri ayabariki hayo maji, moto uogope mara mbili! aliongeza Kofia.

Baruti alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kifua kilimjaa fahari. Kijiji gani kingine kingeleta gari zima la zimamoto kwa ajili ya mabua?

Hapo Stelios, mkwe mpya wa Profesa, Mgiriki aliyekuwa kimya muda wote, akakohoa.

— Samahani, mzee wangu. Mshumaa ulipoanguka, nani alikuwa ndani na watoto?

Profesa akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi. Wote walikuwa uani usiku ule kwenye kamzinga, wanaume wakishangilia, wanawake mlangoni wameziba masikio. Neda alipiga kelele, na mlio wa kamzinga ukaimeza. Kama bibi yake asingenusa moshi, wangekuwa bado wanapongezana. Baruti aliona aibu, aibu ya kweli, na hakutafuta pa kuificha.

Akatoa simu, akapiga.

— Jasna, mwanangu, usikate. Mabua nitatandaza. Mshumaa utakaa juu ya kabati, na mimi sitoki nje. Nitakuwa sakafuni na watoto.

— Wewe, baba? Sakafuni?

Kisha ikasikika sauti ndogo ya Neda, ameshanyang'anya simu.

— Babu, nani atakuwa kuku?

Katika mkesha wa Krismasi, mtu mzima mmoja hutangulia kutambaa kwenye mabua akilia kama kuku, na watoto humfuata wakilia kama vifaranga. Miaka yote Baruti alimwachia mkewe kazi hiyo, akisema si ya mwanamume mwenye masharubu.

Aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Akasimama, akainua kidevu.

— Kwoo! Kwoo! Kwoo! alilia, barabara nzima ikasikia.

Halafu kutoka Belgrade kikajibu kifaranga:

— Piu, piu!