Ndama wa Mwalimu Jentrix

Mwaka wa 2006, ukame ukiendelea kumaliza ng'ombe Kajiado, base yetu ilikuwa benchi la Rahab muuza kahawa, kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela. Wa kila siku tulikuwa watatu: mimi fundi viatu; Gakuru, broka wa mashamba, tuliyemwita Ploti; na Otiende, mwalimu aliyeacha kazi, tuliyemwita Chaki. Asubuhi hiyo redio ya Rahab ilikuwa imetoka kupiga wimbo wa Jentrix, ule wa ndama aliyeenda kutafuta mvua.

Chaki alifundisha nasari moja na Jentrix miaka ya tisini. Jentrix alianza na mashairi ya mashindano ya shule. Halafu akatunga nyimbo za kunawa mikono, akashona wanasesere wa soksi na kuwazungumzisha kanisani, akatoa kitabu, na sasa alikuwa na kipindi cha watoto redioni kila Jumamosi.

— Mtu mmoja hawezi fanya hiyo yote, Ploti alisema. Kuna watu wanamwandikia.

Mimi nikasema labda anaiba kwa wamama wazee huko Entarara. Sikuwa na ushahidi. Watoto wangu walikuwa wanaimba nyimbo zake nyumbani, na viatu nilivyowashonea hawakuwahi kuvisifu. Ploti akaenda mbali zaidi: eti kuna wazungu wanamlipa, watoto wetu wakikua wapende kuimba wasahau kudai mashamba.

Chaki alingoja tumalize.

— Hiyo wimbo ya ndama ni yangu. Ilitoka kwa daftari yangu, ninety-four.

Tulikuwa tumeizoea hiyo hadithi yake. Mwaka uliotangulia alisema alimsaidia na maneno mawili. Kufikia Krismasi ilikuwa ubeti mzima. Leo ulikuwa wimbo wote.

Mama mmoja aliyekuwa amesimama akinywa kahawa akageuka. Alisema anaitwa Kathini, anafundisha chekechea huko Kisaju, na amekuja kununua vitabu. Akamwamkia Chaki kwa mikono miwili.

— Mwalimu, Mungu amenileta kwako. Niko na mtoto kwa darasa, ng'ombe wao wote wamekufa. Tukifika mwisho wa wimbo, pale ng'ombe mama anangoja kwa geti, huyo mtoto analia. Kila siku ananiuliza, ndama alirudi? Mimi sijui nimwambie nini.

Ploti akaangalia barabara. Mimi ningesema alirudi, basi yaishe. Hata Chaki alifungua mdomo, nikajua ndilo atakalosema. Lakini mama yule alikuwa ameshatoa kalamu, ameiweka tayari juu ya kiganja, na Chaki akaiangalia hiyo kalamu mpaka mdomo ukafunga wenyewe.

— Sijui, alisema.

— Lakini si uliuandika?

— Nilirekebisha spelling, madam. Neno moja.

Hakuna aliyecheka. Rahab alikuja na birika, Chaki akafunika kikombe kwa mkono. Akamwonyesha Kathini barabara ya vumbi inayopita nyuma ya soko, nyumba ya tatu, kwa Jentrix.

— Enda umuulize mwenyewe, alisema. Na akikujibu, tafadhali pitia hapa uniambie.